Ukifika Cambridge, Usituonyeshe Nyasi. Tuulizie Wazee Wetu

Wacha niseme hii kitu wazi, na anayetaka kuacha kunifuata aache tu. Nimechoka na video za "jiji la kihistoria la Ulaya".

Mnazijua. Mkenya mwenzetu ametua, amevaa koti zito limemmeza hadi masikio. Kamera inazunguka pole pole: kanisa la mawe, mto, daraja, baiskeli zimeegeshwa mpaka huoni ukuta. Muziki laini kwa nyuma. Halafu ile sentensi inakuja, haikosi hata siku moja: "Hawa wenzetu wanajua kutunza historia yao, si kama sisi." Ukishuka kwa komenti, Wakenya wamejazana wanajitukana wenyewe. Ati sisi hatuna historia. Ati sisi ni watu wa kubomoa. Ati Mwafrika mpe jumba la kale leo, kesho ni stoo ya saruji.

Mimi sina shida na mtu kusafiri. Ukipata viza nenda, kula maisha, tutumie picha. Shida yangu ni ile sentensi. Na kuna jiji moja ambalo nikisikia ile sentensi imesemwa ukiwa umesimama hapo, damu inachemka. Hilo jiji ni Cambridge.

Si jiji baya. Kila mtu anayelipiga picha analipata likiwa zuri. Chuo chake kipo tangu 1209. Lile kanisa la King's College jiwe lake la msingi liliwekwa 1446, wakati Gede yetu kule Pwani bado ilikuwa mji wenye watu wake. Kuna nyasi ambazo huruhusiwi kukanyaga mpaka uwe mkubwa wa chuo. Nje ya chuo cha Trinity kuna mti wa tufaha, na watu wanapiga foleni kupiga nao selfi, kwa sababu unasemekana ni wa ukoo wa ule mti wa Newton.

Umesikia hiyo? Mti wa tufaha, wanajua babu yake. Sasa hebu tuongee kuhusu babu zetu.

Kwa wale si wa huku Taita: zamani mtu mzima akifa alizikwa, lakini mambo hayakuishia kaburini. Baada ya muda kaburi lilifunguliwa, kichwa kikatolewa kwa heshima, kikapelekwa kwenye pango la ukoo kupangwa pamoja na vya waliotangulia. Halikuwa dampo la mifupa. Ilikuwa ni kama kuhamia nyumba ya wazee. Ukame ukiingia, ugonjwa ukikataa kutoka, ndugu wakigombana mpaka boma linataka kuvunjika, waliobaki walienda kutasa. Mzee anachukua pombe au maji ya miwa mdomoni, anapuliza, anatamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwaombea watu wake. Mapango mengine bado yapo huko milimani juu Wundanyi, na mafuvu yamo. Huhitaji pasipoti kuyaona.

Enzi za ukoloni akaja Louis Leakey. Ndiyo, yule yule wa Olduvai, mzaliwa wa Kabete, kijana wa Cambridge, chuo cha St John's. Alikusanya mafuvu huku Taita, nayo yakasafiri. Kufikia 1931 jarida la kisayansi la Biometrika lilikuwa limeshachapisha vipimo vyake, kwenye makala kuhusu mafuvu ya Koloni ya Kenya. Miongo kadhaa baadaye profesa Mmarekani wa Harvard, William Howells, akazunguka dunia akipima mafuvu ya watu wa kila bara. Kwenye mkusanyiko unaoitwa Duckworth, ulio chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, akawapima watu wetu 83. Wanaume 33, wanawake 50.

Themanini na tatu. Hao ni watu wa kujaza matatu sita za kupanda Wundanyi.

Na hii si siri ya serikali. Vipimo vyao viko kwenye intaneti, bure, faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Ila ukitafuta "Taita" utapotea. Tafuta "Teita", ndivyo walivyoandikwa. Kila mtu ni mstari mmoja. Namba, jinsia, halafu milimita zinafuatana: urefu wa kichwa, upana wa uso, kimo cha pua. Jina hakuna. Kijiji hakuna. Ukoo hakuna. Kuna programu za kompyuta za kukisia fuvu lililookotwa mahali ni la watu wa jamii gani, na zimetengenezwa kwa hesabu hizo hizo za Howells, Wataita wakiwemo. Yaani nyanya zetu wanafanya kazi Ulaya na Marekani miaka yote hii, bila viza, bila mshahara, bila hata jina kwenye beji.

Sasa rudi kwenye ile sentensi yako. "Wanajua kutunza historia yao." Yao ipi? Umesimama kwenye jiji ambalo mti una nasaba na Mtaita ana namba. Hiyo si kutunza historia. Hiyo ni kutunza yao na kushikilia ya wengine, halafu wewe uliyeporwa ndiye unatoka na simu yako kuwasifu.

Mnataka mfano wa kutunza wafu? Msiende mbali. Toka hapa Voi ufuate barabara ya Taveta. Hapa Voi penyewe kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maktau yapo. Taveta yapo. Vita ile ilipiganwa kwenye ardhi yetu hii: Wajerumani waliingia Taveta 1914, na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walipigwa vibaya pale Salaita. Waliokufa upande wa Waingereza wamelala huku kwetu, mawe yamepangwa kwa mstari, nyasi zinakatwa, na kila jiwe lililojulikana mwenyewe lina jina lake. Kijana aliyetoka mbali akaja kufia kichakani kwetu, leo mjukuu wake akitua anaonyeshwa jiwe anaweka maua. Ni sawa kabisa. Mimi siwaonei wivu wafu.

Lakini hesabu imekataa kukubali kichwani mwangu. Wao waliokufa huku kwetu wana kaburi na jina. Sisi tuliokufa huku huku kwetu, tukazikwa na watu wetu, tukawekwa pangoni na watoto wetu, tumepelekwa kwao tukawa mstari kwenye faili. Na wale wapagazi Waafrika waliobeba risasi na chakula cha vita hiyo hiyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi hawana hata kijiwe. Tume inayotunza makaburi hayo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Watu wa Kasighau nao walihamishwa kwa nguvu na Waingereza mwaka 1915 hadi Malindi, kwa tuhuma za kusaidia Wajerumani, na wengi wakafia huko. Ni nani amewahi kuniletea video ya hao na muziki laini?

Mtu wa Taita Taveta akisoma hii tayari ameshaona mchezo. Kaunti yetu ni ya kuchotewa. Zaidi ya nusu ya ardhi iko ndani ya mbuga ya Tsavo. Ndovu akitoka humo akala shamba lako, subiri fidia mpaka meno yang'oke. Maji ya Mzima yanachipuka kwetu, yanapitishwa kwenye bomba hadi Mombasa, na sisi tunapanga mitungi. Wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898, Patterson aliwapiga risasi, na 1924 akauza ngozi na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000. Wako huko wamejazwa, wamewekwa kwenye kioo, watoto wa Wamarekani wanawatolea macho. Ardhi, maji, simba. Sasa ongeza vichwa. Mtu akichukua maji yako utasema ni siasa. Akichukua kichwa cha nyanya yako utasema ni nini?

Najua mtakachosema, kwa hivyo tusipotezeane muda.

Wa kwanza: "Wewe uliacha chuo, utabishana na sayansi?" Niliacha, ndiyo, karo ilinishinda. Lakini kuhesabu hadi 83 naweza. Na sayansi simpingi mtu. Nasema tu kwamba vipimo vilishachukuliwa, vikachapishwa, vikawekwa wazi dunia nzima ivipakue. Kama mlitaka namba, namba mnazo. Sasa kichwa chenyewe mnakishikilia cha nini? Na msiniambie ati hata Wazungu walipimwa. Ndiyo, kwenye hilo faili wamo Wanorwe wa kale pia. Lakini walipimwa wakiwa kwao, Oslo. Howells ndiye aliyefunga safari kuwafuata.

Wa pili: "Labda wazee wenyewe walimruhusu Leakey." Hebu fikiria vizuri. Ni wakati wa kipande, Mwafrika anatembea na cheti kwenye kikopo shingoni, hodhi ya ardhi iko kwa mkono wa mzungu, kodi ya nyumba iko kwa mkono wa mzungu, jela iko kwa mkono wa mzungu. Mzungu anasimama mlangoni anataka kitu. Hata kama kuna aliyeitikia kwa kichwa, hiyo ni ruhusa au ni uoga? Na mtu mmoja anaweza kutoa vichwa vya ukoo mzima? Shamba la ukoo huwezi kuliuza peke yako mpaka leo, ndugu watakukalisha chini. Sembuse wazee wenyewe.

Wa tatu ndio wananiumiza zaidi kwa sababu ni wa nyumbani. "Hayo mambo ya mafuvu ni ushetani, tulishaokoka, yaacheni huko huko." Wamisionari walifika Sagalla 1883, Bura 1892, na tangu siku hiyo tunafundishwa kuyaogopa mapango yetu. Sawa. Mimi pia ni mtu wa kanisa Jumapili. Lakini hebu uwaulize hao wasafiri wenu wakupeleke Siena, Italia, kanisa la Mtakatifu Dominiko. Kuna kichwa cha Mtakatifu Katerina mle ndani, kimetunzwa tangu miaka ya 1300, waumini wanapiga magoti mbele yake. Nenda Cologne, Ujerumani: kanisa kuu lile lina sanduku la dhahabu ambalo wanaamini lina mifupa ya Mamajusi watatu. Hapo hamsemi ushetani. Hapo mnasema "urithi wa dunia". Kichwa cha Mwitaliano ni utakatifu, cha Mtaita ni mapepo? Huo si wokovu, huo ni ubaguzi umevaa kanzu.

Na hata kama hutaki kutasa, hata kama unataka mchungaji awaombee na wazikwe ardhini kwa jeneza, huo ni uamuzi wa kufanyiwa hapa na watu wa hapa. Kutokubaliana kwetu kuhusu kuwazika vipi si sababu ya wao kukaa Uingereza. Tugombane wakiwa wamefika.

Wa nne: "Hata wakirudi, utajua ni wa ukoo gani? Ni mifupa tu." Vuka mpaka wa Taveta uingie Holili, endelea hadi Old Moshi. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na familia yake imekuwa ikitafuta kichwa chake hadi leo kwa sababu wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Watu waliwaambia hivyo hivyo, haiwezekani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu waliyokuwa nayo na vya jamaa walio hai Tanzania, na yakapatikana yaliyolingana na familia zilizo hai, mmoja akiwa akida wa huyo Mangi Meli. Hao ni majirani zetu wa karibu kabisa, mlima tunaouona asubuhi mawingu yakitoka. Wakiweza Wachaga, sisi tunashindwa na nini?

Na kurudisha si ndoto. Ujerumani ilirudisha mafuvu ya Waherero na Wanama Namibia mwaka 2011. Ufaransa ilirudisha mafuvu 24 ya wapiganaji Algeria mwaka 2020, wakapokewa kwa heshima zote za kijeshi. Hapa hapa Pwani, vigango viwili vilivyoibwa kwenye boma la Mijikenda miaka ya themanini vilipatikana Marekani kwenye majumba ya makumbusho, na 2007 vikarudi kwa mwenyewe. Mwenyewe ni familia ya kijijini tu, si mfalme. Walichokuwa nacho ni watu waliokataa kunyamaza.

Kwa hivyo mambo ni haya.

Kaunti ya Taita Taveta: muache kuleta wachezaji ngoma kwa wageni mkiita hiyo utamaduni, halafu mnarudi ofisini. Andikeni barua. Ukurasa mmoja unatosha. Tunataka orodha kamili ya Wataita walio kwenye mkusanyiko ule, walitolewa pango gani, lini, na kwa barua ya nani. Anwani ya chuo cha Cambridge haijafichwa. Makavazi ya Kitaifa nayo yawe upande wetu. Katiba kifungu cha 11 inasema utamaduni ndio msingi wa taifa; basi msingi wenu huu una vipande 83 vimeazimwa bila kuulizwa.

Wazee wetu mlio hai: kaeni chini sasa, kabla anayejua pango la ukoo gani liko wapi hajatutoka pia. Semeni mnataka wafanyiwe nini wakirudi. Sisi vijana tuna simu, tutarekodi. Si kwa ajili ya kuchekesha watu, ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Na sisi tulio hapa, yale mapango yaliyobaki tuyaache kama yalivyo. Usipande na wageni ukawashikisha fuvu wapige picha ukalipwa mia tano. Ukifanya hivyo huna tofauti na Leakey, isipokuwa yeye alikuwa na meli.

Mwisho ni nyinyi wa kamera, kwa sababu nyinyi ni watu wangu na ndio nilianza nao. Najua video ya kanisa na mto inapata watazamaji kuliko video ya barua kwa chuo. Mimi pia naishi kwa hesabu hizo hizo. Lakini umepewa viza ambayo mzee wa Sagalla hatapewa. Umesimama mita chache kutoka kwa watu ambao wametengwa na nyumbani karibu miaka mia. Wewe ndiye jamaa wa kwanza kufika karibu nao, na unatuonyesha nyasi!

Siku ukiwa Cambridge, weka simu mfukoni kidogo, nenda kwenye ofisi zao, simama wima, uliza kwa adabu ya kwetu. Maswali ni mawili tu: Wataita wangapi mnao, na tuje lini kuwachukua? Kisha toa simu, urekodi jibu lolote utakalopewa, hata kama ni kufungiwa mlango. Hiyo video nitumie. Hiyo nitaisambaza mimi mwenyewe, kuanzia Mwakingali hadi Taveta, na bando nitanunua.